Hesabu ya bosi hailali, ya kwetu inalala kila siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoitoa Jumapili mbili zilizopita, ile ya mtaalamu wa fedha aliyeandika kwamba vijana tunaojiajiri hatuna nidhamu ya pesa, na kwamba dawa yetu ni kutenga asilimia 30 ya kipato kila mwezi. Niliisoma kijiweni kwetu, stendi ya mabasi ya Msamvu, gazeti likiwa limeshapita mikono minne na ukurasa wa michezo haupo. Nikawasomea wenzangu kwa sauti. Mmoja akauliza, "Asilimia 30 ya nini?" Tukacheka, abiria akatokea, kila mtu akakimbilia pikipiki yake. Wenzangu waliishia hapo. Mimi imenikaa kichwani hadi leo.

Ni dereva wa bodaboda hapa Morogoro, mwaka wa nane huu. Nilianza kwa deiwaka: mwenye pikipiki akienda kula au akijisikia vibaya, unaiomba, unazunguka nayo, jioni unampa chake. Machi 2021 nikapata mkataba. Wasomaji wasioujua mkataba niwaeleze kidogo, maana hoja yangu yote imekaa humo. Mtu mwenye uwezo ananunua pikipiki dukani. Yangu wakati ule ilikuwa milioni 2 na laki 7. Anakukabidhi, mnaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, na wewe unampelekea hesabu. Mimi nilikuwa napeleka 10,000 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, kwa miezi 14. Ukizidisha utaona imepita milioni 3 na nusu. Simlaumu bosi wangu, alikuwa muungwana, na pesa yake ilikuwa inazunguka barabarani usiku na mvua. Muda ukiisha, kadi ya pikipiki inahamia jina lako.

Katika miezi ile yote nililaza hesabu, yaani sikuipeleka siku yake, mara tatu. Mara moja tulimzika baba mdogo, mara mbili nilikuwa kitandani na malaria. Zote nikazilipa baadaye.

Nakumbuka siku moja ya Aprili, masika yenyewe ya Morogoro, Uluguru huuoni kwa mawingu. Mvua ilianza alfajiri na haikukata. Mpaka saa kumi na mbili jioni, ukitoa mafuta, nilikuwa na 6,500 mfukoni. Mke wangu akapiga simu kuniambia nirudi, mtoto anakohoa. Sikurudi. Nilikaa chini ya kibanda cha miamala mpaka saa nne usiku, nikapata mlevi mmoja wa kupeleka Bigwa, akanipa 3,500 baada ya ubishi mrefu. Nikaenda moja kwa moja kwa bosi. Noti zilikuwa zimelowa, akazitandaza juu ya friji moja moja, akanitakia usiku mwema. Nyumbani nilifika sina hata ya mkate.

Sasa namuuliza yule mtaalamu: mtu huyo hana nidhamu?

Tusiishie kwa sisi wa bodaboda. Mtaani kwetu kuna akina mama waliochukua mikopo ya kausha damu. Anayekusanya marejesho anakuja kila siku saa tisa alasiri na kijitabu chake. Mama anakaanga mihogo, anauza vitumbua, anashona vitambaa, na saa tisa ikifika pesa ipo. Watoto wamekula au hawajala, pesa ipo. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote na sijaona watu wenye nidhamu kali kuliko wao. Shida ni kwamba nidhamu hiyo yote inatumika kwa pesa ya mtu mwingine. Ya kwetu wenyewe hatuidai.

Mimi niliijua hiyo Mei 2022, mkataba ulipoisha. Siku ya kukabidhiwa kadi niliahidi makubwa. Nilimwambia mke wangu kwamba ile 10,000 ya bosi sasa itakuwa yetu, kila siku, ndani ya mwaka tuna kiwanja. Nilisema mbele ya mashemeji, wakapiga makofi.

Haikufika hata wiki. Siku ya kwanza niliweka 10,000 kweli. Ya pili nikaweka 4,000 nikasema kesho nitafidia. Ya tatu tulikuwa tunasherehekea kadi na wenzangu. Ya nne nililala mpaka saa mbili asubuhi, kitu ambacho miezi 14 sikuwahi kukifanya, kwa sababu nani angeniuliza? Hata pikipiki yenyewe ilijua kwamba bosi hayupo. Yule mzee alikuwa anaikagua kila Jumamosi: cheni, breki, oili. Mimi mwenye mali sikukagua kitu. Mwezi wa pili ikaanza kutoa moshi, fundi akaifungua, ringi zimekwisha. Zikanitoka 120,000, na siku tatu sikufanya kazi. Pikipiki ya bosi niliitunza, yangu nikaiua.

Mama yangu ndiye aliyenizindua. Anakaa Matombo, alishuka mjini kutibiwa macho. Alikaa kwetu wiki mbili na hakusema neno, anatazama tu. Siku ya kuondoka, nikimsindikiza kwenye gari, akaniuliza, "Mwanangu, yule uliyekuwa unampelekea pesa kila jioni amekufa?" Nikamwambia, "Hapana mama, nimemaliza deni lake." Akasema, "Aa. Basi ni wewe uliyekufa." Akapanda gari. Nilibaki pale stendi nimeshika ndoo yake ya ndizi aliyoisahau.

Niseme kidogo juu ya mama, maana alijua anachokisema. Yeye hakusoma shule. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikafika hadi vijijini kwao milimani. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, tayari ameolewa. Anasimulia kwamba darasa lilikuwa chini ya mwembe wakitoka shamba, na wengi waliacha kwa sababu walitaka kusoma barua ndani ya mwezi mmoja. Yeye alijiwekea herufi moja tu. Jioni akiwa anasubiri maji ya ugali yachemke, anavuta majivu pembeni ya jiko, anayatandaza kwa kiganja, anaandika herufi ya siku hiyo kwa kijiti. Maji yakichemka, anafuta. Hakuongeza dakika hata moja zaidi ya maji kuchemka. Mtihani wa taifa wa kisomo wa 1975 alifaulu, cheti anacho hadi leo ndani ya mfuko wa nailoni. Kuna mwalimu mstaafu ninayempeleka sokoni kila Ijumaa. Nilipomsimulia habari hii aliniambia kwamba mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa kama asilimia 67, na baada ya mtihani ule wakawa asilimia 39. Kumbe kulikuwa na majivu mengi nchi hii yanaandikwa na kufutwa.

Baada ya maneno yale ya stendi nilikwenda kwa fundi seremala nikatengenezewa kibubu. Cha mbao, kimepigiliwa misumari, kina tundu la kuingizia pesa tu. Nikapunguza kiasi kutoka 10,000 hadi buku moja, yaani 1,000. Kibubu kilidumu siku kumi na tisa. Siku ya ishirini mkaguzi wa kibubu alikuwa mimi na kisu cha jikoni, nimekigeuza juu chini, nauchomeka ubapa wa kisu kwenye tundu ili noti iteleze juu yake. Ukiwa na subira inatoka. Mke wangu aliamka usiku akanikuta sebuleni na tochi ya simu mdomoni. Hakusema kitu, akarudi kulala. Afadhali angesema.

Hapo nikakaa nikafikiri kwa mara ya kwanza kwamba tofauti ya bosi na kibubu si kiasi cha pesa. Bosi ana macho. Bosi anakusubiri saa fulani, mahali fulani, na usipotokea anapiga simu. Kibubu hakipigi simu. Basi nikatafuta bosi wa kuajiri.

Nikampata mama mwenye genge la mtaani kwetu Kihonda. Kila jioni kabla ya kurudi nyumbani napita kwake kuchukua nyanya, kitunguu na mboga, iwe mvua iwe jua, kwa hiyo safari ilikuwa ipo tayari, sikuhitaji kuianzisha. Nilimwomba nikinunua mboga nimwachie na buku, aniandikie. Akanitazama. Akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kuja hapa kuandikwa bila kukopa." Ana daftari kubwa la kaunta, kila ukurasa ni jina la mtu na madeni yake ya mkaa, mafuta ya kula na dagaa. Wangu ukawa ukurasa pekee ambao mdaiwa ni yeye. Anachora kijiti kwa kila siku, cha tano anakikatiza juu ya vinne. Hajui kwamba vile vijiti ndivyo vilivyonishika zaidi kuliko pesa. Nikifika nachungulia kwanza daftari kabla ya nyanya.

Miezi miwili ikaenda vizuri. Kisha nikapata pancha mbili kwa siku moja, kesho yake trafiki, keshokutwa abiria hakuna. Siku nne sikumpa kitu. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo yule mtaalamu hakuliandika kabisa. Siku ya tano nilikuwa na pesa, lakini kichwani niliona nadaiwa buku tano, na sikuwa nazo zote. Nikaona aibu kwenda na moja. Nikaanza kupita njia ya nyuma ya msikiti ili nisionekane gengeni. Mboga nikawa nanunua kwingine, ghali zaidi na zimenyauka. Nilimkwepa yule mama wiki nzima kama mtu niliyemkopa.

Alinikamata Ijumaa, nimesimama kwenye tuta namsubiri mtoto avuke. Akaja na kanga kiunoni: "Baba, hela ni yako, unanikimbia mimi kwa lipi?" Watu wakageuka. Nikamweleza habari ya buku tano. Akasema, "Nani kakwambia nakudai za nyuma? Mimi nakudai ya leo." Nikatoa buku. Akaichukua palepale barabarani, na kijiti alikwenda kukichora mwenyewe.

Tangu siku hiyo, hii ndiyo sheria yetu: siku iliyopita imepita, hailipwi. Kwa bosi wa mkataba kulimbikiza deni kunakufanya ulipe, kwa sababu ana pikipiki ya kuchukua. Kwa nafsi yako kulimbikiza kunakufanya utoroke, kwa sababu huna cha kunyang'anywa. Nimewaona wengi waliokufa kwa hilo. Anaanza kukimbia asubuhi apunguze uzito, anakosa siku mbili, ya tatu anataka akimbie mara tatu yake, goti linauma, viatu vinakuwa vya kuendea chooni.

Ndiyo maana nabishana na asilimia. Mwenye mshahara anajua mwisho wa mwezi ataona nini. Mimi leo napata 25,000, kesho 9,000. Treni ya SGR ya kutoka Dar ilipoanza Juni 2024, baadhi ya wateja wangu wa mabasi ya Dar walihama Msamvu, na kwa wiki kadhaa kijiwe kilipooza mpaka tulipojipanga upya. Asilimia 30 ya siku mbaya inahitaji uitoe kalamu na ufikirie, na ukianza kufikiri umeshashindwa, kwa sababu jioni mtu amechoka na kila hoja ya kutokuweka ni nzuri. Buku haifikiriwi. Kiasi kiwe kidogo mpaka ukikikosa uone aibu, siyo huruma.

Wazee watasema haba na haba hujaza kibaba, na mimi nimeisikia tangu darasa la pili. Nina ugomvi na methali hii. Inazungumzia haba, inazungumzia kibaba, haisemi nani amekishika kibaba usiku. Changu nilikishika mwenyewe, mkononi nina kisu.

Faida gani nimepata? Nisije nikawadanganya watu. Sijajenga, kiwanja bado. Mwaka wa kwanza vijiti vilifika 287. Ilikuwa 287,000, ambayo kwa mtu wa mshahara ni simu ya kawaida. Lakini Januari ile kwa mara ya kwanza nilinunua sare mbili na madaftari bila kukopa, na bima ya pikipiki nililipa kabla haijaisha. Mwaka uliofuata tulikubaliana na mama wa genge iwe 1,500. Yeye naye alikuwa ameshaniomba pesa ile aizungushe kununulia nyanya soko la Mawenzi, mwisho wa mwezi ananikabidhi kamili. Sikujua kwamba hesabu yangu ndiyo iliyokuwa inamwepusha na kausha damu; aliniambia juzi tu, tena kwa kupita, akiwa anamenya vitunguu saumu.

Pesa ya mwezi naipeleka kwenye kikoba chetu cha Jumapili. Kikoba hakihitaji kuelezwa na mimi, nchi nzima inavyo. Hisa yetu ni 2,000, mwisho hisa tano kwa mkutano, kila hisa inagongewa muhuri kwenye kijitabu, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake wanakaa nazo watu watatu tofauti. Afisa maendeleo ya jamii alipokuja kutusaidia kusajili kikundi, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka, alitueleza kwamba mtindo huu ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991. Mimi niliposikia kufuli tatu nilikumbuka kisu changu nikacheka peke yangu. Wanawake wa Niger walishamjua mtu wa aina yangu.

Na pikipiki nayo nimeipa dakika zake. Asubuhi nikiwa nasubiri chai ipoe, naangalia oili, nabonyeza tairi, navuta cheni kwa kidole. Chai ikipoa namaliza, hata kama kuna kitu sijakigusa. Ringi hizi zina mwaka wa tatu. Huo ni mtindo wa mama na maji yake ya ugali, sikuubuni.

Sigara nimeshindwa. Nimejaribu kupunguza moja moja, nimejaribu Ramadhani mbili, nikifika Idi narudi. Naliandika hili ili yule mtaalamu asije akadhani nimekuwa mwalimu wake. Nadhani kwa sigara bado sijampata mama wa genge.

Nina pendekezo moja kwa wenye pikipiki za mkataba, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Mwezi wa kwanza baada ya kukabidhiwa kadi ndio unaotuua. Dereva amezoea kudaiwa, ghafla hadaiwi, anapotea. Wakati mkataba umebakiza miezi miwili, bosi amwambie kijana alete hesabu na jero, yaani 500, juu yake. Jero hiyo aiandike pembeni. Siku ya kadi amrudishie yote, na aendelee kuipokea miezi mitatu mbele bila kumdai kitu kingine. Haimgharimu bosi hata senti, ni mlango tu wa kugongwa jioni. Pale kijiweni vijana wawili walio mwisho wa mkataba nimeshawapeleka gengeni wenyewe. Mmoja ameshaanza kupita nyuma ya msikiti, na mama anajua saa zake.

Kwa yule mtaalamu, sina ugomvi naye. Namkaribisha Morogoro. Aje Msamvu saa mbili usiku, muda ambao mabosi wanapokea hesabu, asimame pembeni na daftari lake aandike nani hajaleta. Nauli ya kutoka stendi hadi kwenye hoteli yake ni juu yangu, na kofia ngumu ya abiria ninayo.

Wako,
Dereva wa bodaboda,
Kihonda, Morogoro.
(Jina langu unalo, Mhariri. Naomba lisichapwe, mke wangu hajui kwamba habari ya kisu nimeiandika.)